Kumwekea Mama Bomba

Wiki iliyopita mvua ilinikuta nje ya kibanda cha mchomeleaji vyuma, Karatu mjini, nikisubiri geti langu. Pembeni kulikuwa na pipa la zamani lililokatwa katikati, limejaa masizi, na matone ya kwanza yalipoligonga ikapanda harufu ambayo sikuwa nimeinusa kwa miaka mingi sana: masizi yaliyolowa, chuma, na kitu kama chai iliyoungulia birikani. Fundi aliniuliza kama nataka geti lifungukie ndani au nje. Nilikuwa nimerudi kuwa na miaka saba, nimekumbatia kipande cha bomba kilichokaribia kunishinda uzito, natembea ndani ya mahindi mabichi, na ninaiba ili mama yangu asife.

Ninyi wa rika langu mliokulia Oldeani mnaujua ukungu wetu wa asubuhi. Ulishuka kutoka kwenye msitu wa kreta, ukapita katikati ya mistari ya mikahawa, ukaingia uani bila hodi. Nilipokuwa mdogo sikujua kwamba ukungu na moshi ni vitu viwili. Niliamini watu wote wa milimani hupika usiku, moshi wao hupoa na kulala bondeni, na kukicha huamka na kutafuta njia ya kurudi kwao. Kwa hiyo nyumbani kwetu, palipokuwa na moshi ndani na ukungu nje, nilijiona naishi katikati ya kitu kimoja kikubwa, cheupe, kinachopumua.

Nyumba ilikuwa ya matofali ya kuchoma na bati. Baba, jina lake Lohay, aliijenga mwenyewe chini kidogo ya shamba la kahawa alikofanya kazi ya fundi bomba. Kwa sababu ya baridi tulipikia ndani, kwenye mafiga matatu katikati ya chumba kikubwa, na juu ya moto kulikuwa na dari ya fito iliyobeba mahindi. Bibi yetu, mama yake baba, tulimwita Ama kama Wairaqw wanavyowaita bibi zao. Ama hakulipenda bati. Alisema nyasi humwachia moshi aende zake, lakini nyumba ya bati ni kama mtu aliyebanwa pua.

Aliyebanwa hasa alikuwa mama. Alikuwa akikohoa siku zote, na mimi nilikihesabu kikohozi chake kuwa sehemu ya sauti yake, kama wengine wanavyokuwa na kigugumizi. Alikohoa akipuliza moto, akasimama kidogo mlangoni, akafuta macho kwa ncha ya khanga, akarudi. Mwaka ule akaanza kurudi polepole zaidi. Siku nyingine alishindwa kurudi, na Ama akamalizia ugali.

Baba akampeleka hospitali kwa trekta ya shamba. Waliporudi, mama aliingia kulala na baba akabaki uani na Ama, aliyekuwa akipepeta maharage. Mimi nilikuwa nyuma ya ndama, namkuna shingo. Hawakuniona.

"Daktari amesema kifua kimejaa moshi," baba alisema. "Ukiendelea kukaa humo, hatuna mama wa watoto."

Ungo wa Ama ukasimama. "Moshi? Mimi nimekaa na moshi tangu nizaliwe."

"Wewe ni wewe, mama. Nimeshaongea na Aminieli. Kabla ya mvua kubwa nitamwekea bomba, moshi uwe unatoka."

"Bomba! Kwa mke wako!"

"Ndiyo. Nitamwekea bomba."

Sasa nieleze kwa nini maneno hayo yaliniua. Majuma machache kabla, ng'ombe wa jirani aliingia kwenye maharage mabichi yenye umande, akala mpaka tumbo likavimba kama ngoma. Bwana mifugo aliitwa. Watoto wote tulikuwepo. Alipapasa ubavu wa yule ng'ombe, akapima kwa vidole, akachomeka chuma chenye ncha, kisha akapitisha kibomba. Hewa ikatoka fuuu, na povu la kijani, na harufu. Mwenye ng'ombe alimshukuru Mungu. Kabla jua halijazama ng'ombe alikuwa amekufa, na nyama yake tuligawiwa, na mimi niliila.

Kwa hiyo nilijua kabisa ni nini hufanyika kiumbe anapowekewa bomba.

Aminieli alikuwa rafiki wa baba, mchomeleaji kwenye karakana ya shamba, mtu wa Kilimanjaro aliyekuja Oldeani kijana na kubaki. Mimi nilimwita baba mdogo. Alikuwa mnene, mpole, na nyusi zake ziliungua kidogo siku zote kwa cheche. Kila alipokuja kwetu alimsalimu Ama kwa Kiiraqw kibovu, na Ama alimrekebisha, na wiki iliyofuata alikosea palepale kwa makusudi.

Ni yeye aliyelikumbuka lile jiko. Lilikuwa nyuma ya ghala la kahawa, limeachwa na mzungu aliyekuwa na shamba kabla halijachukuliwa na serikali, jiko la chuma la kuni lenye milango miwili na miguu iliyopinda kama ya simba. Meneja alisema ni chuma chakavu, wachukue. Lilikuja kwetu juu ya tela la trekta, likishikiliwa na wanaume sita, na ndani yake kuku wa mtu akiwa ameatamia. Hakuna aliyethubutu kumtoa. Jiko likakaa uani chini ya gunia, likingoja kuku amalize kazi yake, na Ama akasema hilo ndilo jambo la kwanza la maana ambalo jiko hilo limefanya.

Jioni baada ya kazi, baba na Aminieli walilisugua kutu kwa mchanga. Kisha wakapanga mabomba kwenye majani, kipande kwa kipande, yaliyotoka kwenye mashine ya zamani ya kukaushia kahawa. Hawakutaka kutoboa bati, maana bati likitobolewa linavuja, na wakati ule hata sabuni ilikatwa kwa uzi watu wagawane, bati jipya ungelitoa wapi. Bomba lingetoka mgongoni mwa jiko, lipite ukutani, halafu huko nje lipinde kwenda juu. Kazi yote ilitegemea kile kipande cha kupinda. Aminieli alikitengeneza kwa vipande vitano, akakiunganisha kwa vijiti vya mwisho vya kuchomelea vilivyokuwepo karakana, na alipokileta alikibeba mikononi kama mtoto aliyetoka kubatizwa.

"Kiwiko hicho," alisema.

Walikuwa na majina hayo. Milango ya jiko ilikuwa mdomo. Mahali pa kuni, tumbo. Panapoanzia bomba, shingo. Nilikaa juu ya kinu nikiwasikiliza: shingo iingie hapa, kiwiko kigeukie huku, tukitoboa tusiharibu mbavu, maana ukuta nao ulikuwa na mbavu za matofali. Ukungu ulikuwa ukishuka, sauti zao zikawa laini na za mbali, na mimi niliona kabisa wanamzungumzia nani.

Kisha baba akamwita mama. "Mama Paska, njoo nikupime."

Mama akatoka, amejifunga khanga mbili. Baba akasimamisha ufito kando yake, akaweka alama ya mkaa pale kiuno kilipoishia. Mama akacheka, akakohoa, akashika ubavu.

"Unaumia hapo?" Aminieli akauliza.

"Hapohapo, shemeji."

"Maumivu hayo tutayaondoa," akasema.

Nilisubiri wote waingie kunywa chai. Nikakibeba kiwiko. Sikukimbia, kwa sababu kilikuwa kizito, na ndani yake mlikuwa na harufu ile ya masizi na mvua iliyonijaa puani. Nilipita katikati ya mahindi, yalikuwa marefu kunizidi na yanadondosha maji, mpaka chini kwenye mikaratusi palipokuwa na shimo la muhanga, yule mnyama anayechimba usiku kutafuta mchwa. Nilikisukuma ndani mpaka bega langu likaishia ardhini. Nikafunika kwa majani. Nilirudi nimelowa, nikaambiwa nimeanza tena kucheza kwenye umande, na nikapewa uji.

Walikitafuta siku nzima ya Jumamosi. Majirani wawili walikuwa wamekuja kusaidia kutoboa ukuta, na tundu lilishatobolewa, mviringo mzuri unaotosha kichwa cha mtoto. Baba aliinua kila gunia. Alimfukuza hata kuku. Kisha akasimama katikati ya uwanja akimwangalia Aminieli.

"Juzi ulisema na wewe ungependa kumtengenezea mkeo jiko kama hili."

"Nilisema," Aminieli akajibu.

"Na wewe ndiye uliyekuwa wa mwisho hapa."

"Lohay. Unaniuliza nini?"

"Sikuulizi. Ninyi watu wa kuja, mkono wenu hauachi kitu."

Mama akasema, "Baba Paska!" Majirani wakatazama chini. Aminieli alijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Hilo umelisema wewe, au ni hasira?"

"Nimelisema mimi."

Akaokota nyundo yake na mkasi wa bati, akavitia kwenye kikapu. Akapita mbele ya Ama, akamuaga kwa Kiiraqw, na mara hii hakukosea. Ama ndiye aliyeinamisha kichwa.

Na mimi nilifurahi. Lazima niliseme hilo, ingawa limenichukua maisha yangu yote kuweza kulisema. Nilimwona akipotelea kwenye ukungu na kikapu chake, nikawaza: basi, hakuna tena mtu wa kumtoboa mama.

Mvua kubwa ikaja. Lile tundu lililotobolewa ukutani liliachwa vilevile, likazibwa kwa gunia la kahawa, na upepo wa mlimani ukajifunza kulipitia. Uliingia na baridi, ukaukuta moshi wa mafiga unataka kutoka, ukaurudisha. Nakumbuka siku zile kama kitu kilichotazamwa kupitia maziwa. Watu walikuwa vivuli. Mkono wa Ama ulitokea kwenye weupe umeshika mwiko, ukapotea. Baba alirudi kutoka kazini, akala, akalala, na huko karakana, nilisikia, yeye na Aminieli walifanya kazi wamepeana migongo. Mama alihamishia kigoda chake kizingitini, mvua ikimrushia miguuni, akapumua kama mtu anayepanda kilima akiwa amekaa.

Asubuhi moja baba alikuwa kazini na Ama amekwenda kutafuta majani ya ndama. Mama aliinua chungu cha maji ya uji, akafika nacho nusu ya njia, kisha akapiga magoti taratibu, akakiweka chini bila kumwaga tone, na akabaki hivyo, viganja sakafuni.

"Paska," alisema, na kila neno lilikuwa na safari yake. "Fungua mlango wote. Nipate hewa."

Nilifungua. Nikampelekea khanga. Nikakaa karibu yake mpaka kifua chake kilipotulia kidogo, na hapo ndipo nilipomuuliza lile swali ambalo nililibeba peke yangu majuma yote hayo.

"Mama, ungewekewa bomba, ungekufa siku ileile kama ng'ombe wa jirani?"

Alinitazama. "Ng'ombe gani?"

Nikamweleza. Bwana mifugo, chuma chenye ncha, povu. Nikamweleza shingo, na mbavu, na ufito uliowekwa alama ya mkaa kiunoni pake, na jinsi Aminieli alivyouliza panapouma. Nilivyokuwa nikieleza, uso wa mama ulianza kucheka, akajizuia, akashindwa, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na kikohozi kilipomwachia nikaona analia. Alinivuta kwenye khanga yake yenye moshi.

"Bomba ni la jiko, mwanangu. La jiko. Moshi utoke nyumbani, si ubavuni mwangu."

"Lakini baba alisema atakuwekea wewe."

"Alisema hivyo, eeh." Akafuta macho. Kisha mikono yake ikaniachia. "Paska. Kiwiko kiko wapi?"

Tulikwenda pamoja. Alitembea na kusimama, akashika mahindi, akatembea. Aliposikia ni shimo la muhanga alitikisa kichwa tu. Nilikitoa, kina matope na mdudu mmoja mweusi ndani, nikamnyooshea. Hakukipokea.

"Si mimi niliyemtukana rafiki. Kibebe mwenyewe. Jioni utampa baba yako, na umweleze kama ulivyonieleza mimi."

Ile ndiyo siku ndefu kuliko zote za utoto wangu. Baba aliporudi nilikuwa nimesimama mlangoni na kiwiko kifuani. Nilieleza. Nilisubiri fimbo. Baba alikaa juu ya jiko lililofunikwa gunia, na ukungu ukaja ukamfunika mabega, na nikadhani amenisahau. Hatimaye alisema jina moja tu, "Aminieli," polepole, kama mtu anayeshika kitu cha moto.

Tulikwenda kambini, mahali wafanyakazi wa shamba walikokaa, nyumba zimepangwa mstari. Ilikuwa saa ya watu kukaa nje. Mama Ndesi, mke wa Aminieli, alikuwa akimenya ndizi, alipotuona hakuinuka. Baba angeweza kumwomba mwenzake pembeni. Hakufanya hivyo. Alisimama pale watu wote walipoweza kusikia.

"Aminieli, nilikuita mwizi mbele za watu. Hukuiba. Kiwiko kilifichwa na mtoto wangu. Na kwa lile la watu wa kuja nilikutukana wewe na nyumba yako yote. Nimekosa."

Aminieli alikuwa ameshika kikombe. Hakumtazama baba, alinitazama mimi.

"Paska, ulikificha kwa nini?"

Nikasema tena, mara ya tatu siku hiyo. Mtu mmoja kwenye mstari alianza kucheka. Aminieli hakucheka.

"Ulidhani mimi nitamtoboa mama yako?"

"Ndiyo, baba mdogo."

Akaweka kikombe chini. "Mtoto alikuwa anamlinda mama yake," alimwambia baba. "Wewe ulikuwa unalinda nini?"

Baba alinivuta karibu yake.

"Nimekusikia, Lohay," Aminieli alisema mwishowe. "Nendeni, mvua inakuja."

Njia yote ya kurudi sikujua kama huo ulikuwa msamaha. Nadhani hata baba hakujua.

Aminieli alikuja Jumamosi, na kikapu chake. Alimsalimu Ama, akakosea Kiiraqw palepale, na Ama, kwa mara ya kwanza, hakumrekebisha. Aliitikia tu kwa sauti ndogo. Aminieli aliongea na mama, aliongea na mimi. Kwa baba aliongea maneno ya kazi: shika hapa, inua, sogeza. Baba alishika, akainua, akasogeza. Jiko likapandishwa juu ya msingi wa matofali, usawa wa ile alama ya kiunoni mwa mama, bomba likapita ukutani na kukandikwa udongo pande zote, kiwiko kikageuka huko nje bila mwanya hata wa wembe, na juu kabisa, kupita bati, wakaweka kofia ya kuzuia mvua.

Baba akawasha. Moshi ukarudi wote ndani, mwingi, mkali, ukatoka mdomoni mwa jiko na kwenye kila ufa. Tukakimbilia uani tunakohoa. Ama alikuwa tayari nje kwenye kigoda. "Nilisema," akawaambia mawingu.

"Bomba lina baridi," Aminieli alisema. "Moshi haupandi penye baridi." Akasokota maganda makavu ya mahindi, akayawasha, akayaingiza shingoni mwa jiko, akaongeza mengine, na mengine. Akasubiri ameinamisha kichwa. Kisha sote tuliisikia: pumzi ndefu, nzito, iliyoanzia tumboni mwa jiko ikapita ukutani na kupanda. Moto uliinama wote upande mmoja, kama majani upepo ukipita. Baba na Aminieli wakatazamana kwa bahati mbaya, na kwa muda huo mfupi walisahau, wakatabasamu.

Hawakurudi kuwa kama zamani. Waliamkiana, walisaidiana misibani, na shamba lilipopunguza watu Aminieli akarudi Kilimanjaro. Mpaka leo sijui ningeweka wapi mzani wa kupimia kilichobaki na kilichokwenda. Ama naye alijijengea kibanda na mafiga yake, akahamishia mahindi huko, kwa sababu, alisema, wadudu wa mahindi huogopa moshi, hawaogopi chuma.

Lakini mchana ule, wanaume walipokuwa nje wakilisifu bomba, nilirudi ndani. Sikuwahi kuyaona makazi yetu bila moshi. Kulikuwa na kona. Kulikuwa na fito za dari, moja moja, na utando wa buibui mweusi unaong'aa. Mama alikuwa amejilaza kitandani mlango ukiwa wazi, amelala saa saba mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilipanda taratibu, nikaweka sikio kifuani pake.

"Unasikiliza nini?" aliuliza, macho yamefumbwa.

"Kama moshi bado umo."

"Umo?"

Nilisikiliza vizuri. Ndani, mbali sana, palikuwa na kitu kinachokwaruza, kidogo, kama mtu anayefagia nyumba ya pili.

"Kidogo," nikasema.

"Basi huo tuuache utoke wenyewe," mama alisema, akanifunika khanga, akageukia ukutani akalala tena.